Haiko Hapa

Kila Pasaka mchungaji wetu hapa Butembo ananipa kazi ya kusoma Injili mbele ya watu. Si kwa ajili ya utakatifu wangu. Mimi ni mama wa vitenge, nauza sokoni, ulimi wangu unakata na wateja wangu wanaujua. Ananipa kwa sababu shuleni niliishika Swahili bora nayo ikanishika, na nikisimama pale na kitabu, vijana wa nyuma wanasema, bon, redio imefunguliwa. Basi nasoma. Wanawake wanakwenda kaburini asubuhi na mapema na manukato yao, wanakuta jiwe limeondolewa, wanaambiwa kwamba yule wanayemtafuta hayupo hapa. Kulikuwa na mwaka ambao nilifika mahali hapo nikashika meza ili nisianguke.

Katika Swahili ya kitabu, mtu na kitu havichanganywi. Mtu, utasema hayupo. Mgomba, utasema haupo. Sisi huku hatuna muda huo. Papa, yaani baba, haiko. Chumvi haiko. Neno moja linabeba wote, mwenye roho na asiye na roho, na hakuna anayelalamika. Mimi ndiye nililalamika, kwa sababu mama yangu alisema neno hilo asubuhi moja ya Pasaka, nami nikakaa mwaka mzima sijui alimaanisha nani.

Baba yangu alilima kakao katika kijiji kimoja pembeni ya barabara ya Eringeti. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Siku moja ya mavuno alikwenda shambani na gunia lake begani, risasi zikasikika upande wa mto, na yeye hakurudi. Waliokwenda kumtafuta walileta bote moja ya plastiki, ya mguu wa kushoto, imejaa maji ya mvua. Hawakuona damu wala nguo. Kwetu jambo la namna hiyo ni baya kuliko maiti, maana wale waasi wa porini wanaua, lakini pia wanateka watu wawabebee mizigo, na kuna waliorudi baada ya miezi mingi, wamekonda, hawataki kuongea. Kwa hiyo huwezi kulia kama mtu aliyefiwa, na huwezi kucheka kama mtu mwenye bwana. Mama aliacha kufunga mlango. Komeo lilikuwepo, la mbao, baba mwenyewe alilichonga, lakini toka siku ile hakuligusa tena. Nilimwambia kwa simu, mama, katika vita hii unalala mlango wazi? Akajibu, "Na akikuya akute nimefunga?"

Sisi Waprotestanti tuna kasoro moja ambayo niliiona kupitia mama yangu. Tunatoka Ijumaa ya msalaba tunaruka moja kwa moja hadi Jumapili ya ngoma. Jumamosi hatuna wimbo wake. Jumamosi tunapiga pasi nguo za kesho na kuchinja kuku. Lakini Jumamosi ile ya kwanza kulikuwa na watu, masikini ya Mungu, waliokaa ndani ya nyumba bila kujua kama wamedanganywa. Mama yangu alihamia katika Jumamosi ile akaishi humo.

Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wa baba kwa tumbo moja. Alikuwa mrefu, mwenye kelele, hajui kukaa kimya hata kanisani. Alimwita baba "yaya", kama mtoto anavyomwita mkubwa wake, hata walipokuwa wote na mvi. Yeye ndiye aliyesema kwamba tufanye kama wazee walivyofanya mtu alipopotea: kukata mgomba, kuuvika shuka la mwenyewe, kuuzika, kulia, na kumaliza. Mjane anyolewe, apumue, ahame. Maana kijiji kilikuwa kinahama nyumba kwa nyumba, na yeye alitaka mama aende Butembo kwangu kabla haijawa zamu yake. Mama alikuwa kikwazo. Hakutaka kutoka mahali ambapo bwana wake angemtafuta.

Mchungaji wa kijiji alikataa kuja. Alisema kanisa haliziki mgomba. Mama naye alisema, "Nitalilia ndizi, mimi?" Baba mdogo akamjibu, "Shemeji, lia kitu yoyote, lakini ulie." Mwishowe mama alinyamaza, na kwetu mwanamke akinyamaza wanaume wanachukua hiyo kuwa ndiyo.

Nilikuwepo siku ile. Vijana walichimba nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha mama. Kabla shimo halijapita magoti, risasi zikasikika mbali. Zilikuwa mbali kweli, lakini nani anapima. Kila mmoja akawa na haraka. Aliyetumwa kuleta mgomba, badala ya kuukata juu ya ardhi kama inavyotakiwa, aliung'oa mzima na shina lake la chini, pale ambapo machipukizi yanatokea. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba mgomba wa kuzika haubebi shina. Hakuna aliyeangalia. Waliufunga katika shuka la baba, wakaweka ile bote pembeni, wakafunika haraka haraka, baba mdogo akasali Baba Yetu mbio mbio, na tukakimbilia ndani. Hapo nililia. Mama hakulia.

Mvua zilipokolea mama alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ya msichana. "Kuya uone," aliniambia. "Papa yako ameota."

Nilikwenda. Juu ya kaburi lilikuwa limetoka chipukizi, jani lake bado limejikunja, jembamba, la kijani cha kuumiza macho. Mama alikuwa amelizungushia vijiti ili mbuzi wasile. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alifungua dirisha akaliambia, "Wavukire." Ndiyo salamu yetu ya asubuhi kwa Kinande, maana yake umeamka, umeinuka. Tunampa kila mtu njiani bila kufikiri. Lakini kumsikia mama yangu akiipeleka kwa kaburi, akangoja kidogo kama anayesubiri jibu, kulinitisha. Majirani walikuwa wanapita mbali. Mmoja aliniambia hapana cheza na kitu kama hicho, mtu aliyezikwa hai hawezi kulala.

Nilikasirika. Hasira yangu inakuja upesi inapochanganyika na woga. Nilimwambia mama kwamba mgomba si ufufuo. Mgomba unakufa na kuacha mtoto pembeni. Yule wa kwanza harudi kamwe. Yesu hakuacha mtoto pembeni. Alitoka yeye mwenyewe, na mikono yenye matundu, akaomba chakula. Kama tunaanza kumsalimia kila kinachoota, nilisema, tutawasalimia hata maboga. Alinitazama kwa huruma fulani. "Wewe unajua kusoma," alisema. "Mimi niko nangoja."

Chipukizi likawa mgomba. Kila mara baba mdogo aliponipigia simu alikuwa na habari ya nyumba nyingine iliyobaki tupu. "Mama yako ni kichwa nguvu," alikuwa anasema. "Anataka tumuzike naye na hiyo ndizi yake?" Nilisikia mtu anayelaumu mwenzake. Sikusikia kitu kingine, na mimi ndiye nasifiwa masikio.

Karibu na Pasaka niliamua kwenda kumchukua, apende asipende. Nilipanda gari hadi Beni, na kutoka Beni nikachukua motari, pikipiki ya abiria, pamoja na wengine waliokuwa wanapita nyuma ya msafara wa askari. Nilifika Jumamosi. Mgomba ulikuwa umefika kiunoni pangu. Nusu ya nyumba za kijiji zilikuwa zimefungwa kwa kamba, na katika nyua zake majani yalikuwa yameanza kumea. Siku nzima nilimbembeleza mama, nikamtisha, nikamtukana pia, Mungu anisamehe. Alikuwa anachambua maharagwe. "Akikuya," alisema, "mugomba yake iko hapa, mimi niko hapa. Nitaenda namna gani?" Baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake magotini. Alisikia yote, kisha akatoka bila kuaga, na hiyo haikuwa tabia yake.

Jumapili palipopambazuka wamama wa kwaya waliobaki walipita njiani wakiimba kwamba Bwana ameshinda. Zamani walikuwa wanaanza kungali giza. Sasa walingoja mwanga kwa ajili ya usalama. Mama alijifunga kitenge chake cha kwaya, akazunguka nyuma ya nyumba kwanza, nami nikamfuata nikiwa bado na usingizi machoni.

Mgomba haukuwepo. Palikuwa na shimo tu. Vile vijiti vilikuwa vimelazwa pembeni vizuri, udongo umetawanyika kama vile kuku wamechakura. Chini kabisa ilionekana ncha ya shuka, nyeusi kwa maji, na ile bote. Kwaya ilikuwa imefika karibu nasi. Waliona, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja mmoja walirudi nyuma, wakaondoka haraka bila kusemezana. Injili inasema wale wanawake wa kwanza nao walikimbia wakiwa na hofu. Nilikuwa nimesoma jambo hilo mara nyingi kwa sauti nzuri. Sikujua kwamba hofu hiyo ina harufu ya udongo mbichi.

Mama alisogea karibu. Aliinama, akagusa ukingo wa shimo, akaangalia kwa makini kama anayeangalia jeraha la mtoto. Kisha akajinyoosha, akajifuta mkono kwenye kitenge.

"Haiko hapa," alisema. "Twende."

Nani haiko? Nilitaka kumuuliza palepale. Alikuwa ameshaingia ndani kufunga mizigo yake. Alichukua sufuria, Biblia, nguo chache, na kikombe cha baba cha chai. Baba mdogo alikuja kutusaidia. Hakuinua macho. Alipofunga kamba ya mzigo kwenye motari niliona mikono yake: kucha zimevunjika, weusi wa udongo umeingia hadi chini ya ngozi. Akasogea sikioni pangu. "Niliutoa mimi," alisema. "Nyamaza tu. Umupeleke."

Nilinyamaza. Ningefanya nini? Mama alikuwa juu ya motari, uso wake umetulia. Baba mdogo alikataa kuja nasi. Alisema kakao haiwezi kujichuma. Tuliondoka.

Mama alikaa kwangu, upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Alizoea. Aliingia kwaya, akapanda sombe, kisamvu chetu, nyuma ya jiko, akawa anawafokea wajukuu. Usiku tu ndipo tulipogombana: bwana yangu anafunga mlango, mama anakwenda polepole analegeza komeo, bwana yangu anaamka kunywa maji anakuta mlango unapumua. "Nyumba hii ina mukubwa mwingine nisiyemujua," alikuwa ananiambia, nusu utani. Butembo ina wezi, si mchezo.

Mimi nilikuwa nimeharibika ndani. Wale askari waliolinda kaburi la Yesu walifundishwa waseme kwamba wanafunzi wake walikuja usiku wakamwiba. Toka utoto nilijua ni uongo, uongo wa kununuliwa, tunaucheka kila Pasaka. Lakini kwetu ndivyo ilivyokuwa. Ndugu yake alikuja usiku akamwiba, mwanamke akaja asubuhi akakuta shimo, akasema haiko hapa, akaondoka na amani. Kama mama yangu aliweza kutulizwa na mgomba ulioibwa, wale wanawake wengine walitulizwa na nini? Wazo hilo lilinifuata sokoni, lilikaa nami mezani, lilinipiga jicho nikipima kitambaa cha mteja. Sikumwambia mchungaji. Angeniambia niombe, na nilikuwa naomba tayari, lakini sikujua tena kama kuko mtu upande wa pili. Na kila nilipomsikia mama anaimba jikoni kwamba kaburi ni wazi, nilitaka kumshika mabega nimwambie: tulikudanganya. Kisha naona uso wake, natoka nje. Pasaka ya mwaka uliofuata ndiyo niliyoshika meza.

Mvua za mwaka uleule hazijaisha tulipopigiwa simu. Baba mdogo ameuawa katika shamba la kakao, lile la ndugu yake. Safari hii mwili ulipatikana. Waliuleta Beni, nyumbani kwa jamaa, maana kijijini hakuna aliyebaki wa kuzika.

Tulifika wanaume wakiwa wanajiandaa kumwosha. Kwetu mwanaume anaoshwa na wanaume, na shemeji wa kike hana kazi pale. Mama alikwenda mlangoni na beseni lake la maji ya vuguvugu. Alisema, "Nipatieni mikono tu." Wakatazamana. Mzee mmoja akataka kukataa, akaona uso wake, akasogea. Wakamfunika vizuri, wakaacha mikono nje ya shuka.

Nilimshikia sabuni. Aliosha mkono wa kulia kwanza, kidole kwa kidole, kwa kitambaa laini. Alikuwa anasafisha chini ya kucha kwa njiti ya kiberiti, polepole, kama yule mtu angeumia. Na hapo, bila kuniangalia, akaanza kuongea.

"Hii mikono ndiyo ilifungua kaburi."

Sabuni iliniponyoka. "Mama, ulijua?"

"Nilikuwa macho. Dirisha yangu si iko pale? Nilimusikia yote. Hakutumia jembe, aliogopa nitaamuka. Alichimba na vidole, analia, anasema yaya, yaya, nisamehe, toka, mwache shemeji aende. Ningetoka inje, angepata haya ya kufa nayo. Nikalala tu, nikasikiliza mpaka akamaliza." Akachovya kitambaa. "Asubuhi niliona alama za vidole mu udongo. Nilisema, kumbe. Nilifikiri mimi peke yangu ndiye namungojea ule mutu. Kumbe tulikuwa wawili, na ule mwingine amechoka kuniona niko nangoja."

"Na ulisema haiko hapa. Ulisema papa, ama ulisema mgomba?"

Aliinua uso akanitazama kama nimeuliza upumbavu, na labda nilikuwa nimeuliza upumbavu.

"Papa yako alikufa, mwanangu. Nilijua toka ile bote. Mutu wa kurudi anarudi na bote yake. Mimi nilikuwa nakataa kumuacha tu. Yule aliyechimba alinionyesha kitu. Nilisema, kama mutu wa nyama anaweza kuingiza vidole mu udongo usiku muzima kwa ajili ya ndugu yake, Mungu naye atashindwa? Papa yako haiko pale. Mugomba haiko pale. Kulikuwa nani wa kubakia naye?"

"Na mlango? Kama unajua amekufa, kila jioni unaufungulia nani?"

"Siku Bwana anawaamusha batu waliokufa," alisema, "papa yako atakuja kutafuta kwake. Hapana akute nimefunga." Akamaliza mkono wa kushoto, akaukausha, akaulaza juu ya mwingine. Hapo ndipo alipolia. Aliwalilia wote wawili kwa mara moja, mdogo na yaya wake, kilio ambacho tulikuwa tumekidai kwake toka siku ya mgomba, na hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nililia nyuma yake nikishika beseni. Alipopata pumzi nilimuuliza kama anajua baba mdogo aliupeleka wapi ule mgomba. Hakujua. Mpaka leo hatujui. Usiku mwingine nauona umesimama mahali fulani kando ya mto, mkubwa, bila mtu wa kuukata, na siwezi kulala.

Pasaka hii mchungaji alinipa tena kitabu. Nilisoma vizuri, manukato, jiwe, yule kijana mwenye mavazi meupe. Nilipofika mahali pale macho yangu yaliinuka yakamtafuta mama kwenye benchi la wamama. Kitabu kiliandika hayupo hapa. Kinywa changu kikasema, "Haiko hapa."

Vijana wa nyuma wakacheka chini chini, redio imekosea. Mama hakucheka. Alijibu kwa sauti, kama anavyojibiwa mtu aliyebisha hodi: "Ndiyo. Haiko."

Usiku ule bwana yangu aliamka kunywa maji. Nilimsikia akisimama kwenye baridi ya sebule, akauliza nani ameacha mlango wazi tena. Mama alikuwa amelala zamani, amechoka na ngoma za sikukuu. Nikamwambia, ni mimi.